Huli, Hulali: Ni Nani Huyo?

Utemini, Singida
3 Februari 2024

Mwanangu Melkizedeki,

Pokea salamu zangu, za binti yangu Hanifa, na za kina mama wote wa kikundi cha Alhamisi. Sisi ni wazima. Wasiwasi ni juu yako uliyehamishiwa huko Rungwa porini. Kila nikikupigia naambiwa hupatikani, hupatikani, mpaka yule mwanamke wa kwenye simu nimeanza kumuona kama mke mwenzangu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii nampa kondakta wa basi la Mbeya, na ameniapia ataishusha mlangoni kwako.

Kuna jambo ambalo siku ya kukuaga sikuweza kulisema, kwa sababu nilikuwa nalia na kula keki kwa wakati mmoja. Unakumbuka nilivyokuja zahanati mara ya kwanza? Marehemu mume wangu alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Kichwa kinauma, nyayo zinawaka moto, moyo unakwenda mbio kama unafukuzwa. Nilikuwa nimeshameza dawa za malaria mara nne na za taifodi mara mbili, na jirani alishanipeleka kwa mtu akanichanja kifuani. Duka langu la vitambaa nilikuwa nalifunga saa nne asubuhi, narudi kulala. Wewe ndiye wa kwanza uliyeweka kalamu chini ukaniuliza, "Mama, ni lini mara ya mwisho ulifurahia kitu?" Nikakujibu kwamba nimekuja kupimwa, sikuja kuhojiwa. Kisha nikalia mpaka foleni nzima nje ikanyamaza.

Uliponiambia ugonjwa huo una jina, unaitwa sonona, kwamba si kichaa wala si laana, na unatibiwa palepale wanapotibu kikohozi, nilikuona mtoto mdogo unayenidanganya. Sasa ni mwaka mmoja na nusu nalala vizuri na nafungua duka kwa wakati. Vidonge nameza kama ulivyopanga. Alhamisi iliyopita Mama Belinda alitoka kwake kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, akafika kwenye benchi la zahanati tunapokaa kikundi kuzungumza, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Kumbe nyote mmezeeka hivi."

Andika. Usinigombanishe na kondakta.

Mama yako wa Utemini,
Mwantum Amri


Rungwa
19 Februari 2024

Mama Hanifa, shikamoo.

Barua imefika ikiwa na doa la chapati, lakini imefika. Nimeisoma mara tatu.

Huku ni kuzuri. Zahanati ni vyumba vitatu, nesi mmoja anayeitwa Witness, na mimi. Watu ni wakulima na warina asali. Wiki iliyopita tembo walitoka hifadhini wakala mahindi ya mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti akaja mbio nimpime presha. Presha ilikuwa sawa. Hasira ndiyo ilikuwa juu.

Nilidhani yale maswali yangu tisa ya kupima sonona nimeyaacha mjini. Kumbe hapana. Kuna baba alishakuja na mgongo mara tano. Mara ya sita nikamuuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, kujilaumu, na mengine yote unayoyajua. Akageuka kutazama mlango kama umefungwa, akaniambia, "Daktari, huku hatuulizani mambo hayo." Halafu akayajibu yote tisa, na alama zake zikawa nyingi kuliko zako za siku ile. Sasa tuna benchi letu la Jumanne. Wanakuja watu wanane, ingawa wawili nahisi wanafuata uji wa Witness.

Vidonge usiache bila kuambiwa, hata ukijisikia mzima kama mlima.

Wako,
Melkizedeki


Utemini
18 Machi 2024

Mwanangu Melkizedeki,

Mfungo unakwenda vizuri, Alhamdulillahi. Ila nina jambo, na sijui kama nilitaje.

Usingizi umekwenda. Wiki tatu sasa nageuka kitandani mpaka wakati wa daku. Ukifika wakati wa kufuturu nakula tende moja na chakula hakipiti. Moyo unapiga hata nikiwa nimekaa tu dukani. Juzi nilimkatia mteja mita tatu badala ya sita, jana nikasahau chumvi kwenye futari ya watu kumi. Hanifa ananitazama kwa jicho la pembeni. Kwenye kikundi sijasema, maana kina mama wale wananitegemea mimi niwe mfano, na jambo lenyewe kwa umri wangu wa miaka hamsini na mbili ni la kuona haya.

Niombee. Na usinihukumu.

Mwantum


Rungwa
27 Machi 2024

Mama Hanifa, shikamoo.

Barua yako imenishtua. Umefanya vizuri kuniambia. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nimemwandikia tabibu aliyechukua nafasi yangu. Nimemweleza historia yako yote. Mpelekee siku hiyohiyo utakapoipata, tafadhali, usingoje Alhamisi. Ugonjwa kurudi si aibu wala hukukosea kitu. Mtu aliyepona malaria anaumwa tena malaria, na hakuna anayemsema. Nenda na Hanifa.

Huku mvua ni nyingi. Barabara ya Itigi imekatika mara mbili. Tumempoteza mgonjwa mmoja, kijana. Mimi mzima.

Melkizedeki


Utemini
14 Aprili 2024

Mwanangu, Eid mubarak, ingawa wewe ni Mkristo, pokea tu.

Keti chini kwanza. Nilikwenda na karatasi yako. Huyu tabibu mpya, Edward, ni kijana mpole mwenye miwani. Akaisoma uso ukiwa umekunjamana, akaniuliza maswali yote tisa, kila moja nimpe alama kuanzia sifuri mpaka tatu. Kulala, tatu. Kula, tatu. Tukafika kwenye furaha. "Mama, umepoteza furaha?" Nikasema hapana, sifuri. "Unajilaumu?" Sifuri. "Unaona maisha hayana maana?" Nikacheka. Nilijaribu kuzuia na kanga, nikashindwa. Yule kijana akavua miwani. "Mama, unaumwa nini hasa?"

Ikabidi niseme. Anaitwa Abdulmajidi. Anauza vipuri vya baiskeli ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na duka langu. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Babu zake walitoka Pangani, ndiyo maana kila sentensi anaizungusha kama anafunga zawadi. Mwezi wa pili alikuja kununua kitambaa cha pazia. Akarudi kununua kingine. Mwanangu, yule bwana ana dirisha moja, na amenunua mapazia matano. Baada ya Eid ametuma watu kwa kaka yangu kuleta posa.

Edward alicheka mpaka akakosea tarehe kwenye kadi. Hanifa alikuwa anajua siku zote.

Sasa nisikilize, hapa sichekeshi tena. Abdulmajidi hajui kama niliugua. Hajui habari za vidonge wala kikundi. Mtaani watu wakisikia unakwenda zahanati kwa ajili ya mawazo wanasema huyo kichwa si chake. Je, nimwambie? Na nikimwambia akageuza miguu? Au ninyamaze, vidonge nivifiche kwenye kopo la iliki? Naogopa, Melkizedeki. Naogopa kupoteza furaha hii kuliko nilivyoogopa ule ugonjwa. Nijibu upesi.

Mwantum


Rungwa
2 Mei 2024

Mama Hanifa, shikamoo.

Hongera sana. Samahani kwa kukuogopesha na karatasi ile.

Mwambie. Kitu kilichofichwa ndani ya nyumba kinamchosha anayekificha kila siku. Ukiugua tena, yeye ndiye atakayekuwa karibu, na mtu hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua.

Kwenye harusi usinitegemee. Kazi ni nyingi na mwili umechoka kidogo. Usingizi unakatika saa tisa haurudi, na chakula sina hamu nacho. Yatapita.

M.


Utemini
16 Mei 2024

Mwanangu,

Nimemwambia. Nilimwita dukani mchana kweupe, Hanifa amekaa palepale kama shahidi. Nikasema, "Kuna jambo kuhusu mimi ambalo inabidi ulijue kabla ya kwenda mbele." Akavua kofia. Nikaeleza yote bila kupumua, kulia kwangu, kulala mchana, vidonge, benchi la Alhamisi. Nilipomaliza akashusha pumzi, akapangusa uso kwa kofia yake.

"Mwantum," akasema, "nilidhani unataka kuniambia una mume mwingine Manyoni."

Nikamuuliza, "Basi, hilo tu?"

"Mimi nina kisukari," akasema. "Asubuhi vidonge, jioni vidonge. Tutaweka jagi moja la maji mezani, kila mtu ameze vyake." Halafu akaniambia kwamba alipofiwa na mkewe alikaa miezi saba hafungui duka ila siku za minada, na hakuna aliyemuuliza kitu. Anataka kujua kama kikundi cha Alhamisi kinapokea wanaume.

Nikah ni Ijumaa tarehe 28 Juni. Na sasa nikugeukie wewe. Husinzii, huli, mwili umechoka, sababu hutaki kuitaja, na jina lako sasa unaandika herufi moja. Mtu mzima haambiwi mara mbili. Huli, hulali: ni nani huyo? Ni Witness? Kama ni yeye sema, nitakuja na kaka yangu tuongee na wazazi wake. Tutachanganya sherehe tupunguze gharama ya masufuria.

Mama yako mwenye furaha,
Mwantum


Rungwa
29 Mei 2024

Kwa Mama Mwantum Amri, shikamoo.

Mimi ni Witness, nesi wa zahanati ya huku. Nina mume na watoto wawili, kwa hiyo si mimi. Barua yako nimeikuta wazi mezani kwa daktari, nikaona jina langu, nikaisoma. Nisamehe.

Mama, daktari haumwi mapenzi. Mwezi wa tatu kijana anaitwa Filipo alidondoka kutoka kwenye mti akipachika mzinga. Alikuwa anavuja damu ndani kwa ndani. Mvua ilikuwa kubwa, gari haliwezi kupita, tukampakia kwenye trela la trekta kumpeleka hospitali ya Itigi. Daktari alikaa naye huko nyuma. Trekta likanasa kwenye tope, na kijana akafariki palepale. Hakuna mtu angeweza kufanya zaidi. Daktari anasema wangeondoka nusu saa mapema kijana angepona. Anarudia hiyo nusu saa kila siku.

Kazi anafanya vizuri, mgonjwa hawezi kujua. Lakini akimaliza anafunga mlango. Anakwenda bombani kwa njia ya nyuma ili asipite kwa wazazi wa Filipo. Suruali zake zimekuwa kubwa. Nimeona kwenye droo ameandika barua ya kuacha kazi. Jumanne anawauliza watu wanane wanaendeleaje, na yeye hakuna anayemuuliza. Mimi ni mdogo kwake kikazi, nikianza anasema, "Witness, andaa sindano."

Nimekuandikia kwa sababu barua zako ndizo pekee anazozisoma akiwa anacheka.

Witness


Utemini
3 Juni 2024

Melkizedeki mwanangu,

Nimekukosea. Uliniambia waziwazi kwamba huli na hulali, na mimi nikakutania. Furaha yangu ilinijaa masikioni nikawa sisikii. Nisamehe.

Najua habari za Filipo. Usimkaripie aliyeniambia.

Sasa chukua kalamu. Mimi sijasoma kazi yako, lakini maswali yale umeniuliza mara nyingi mpaka nayajua kama aya. Katika wiki mbili hizi: Unapata raha yoyote katika mambo unayofanya? Moyo uko chini? Unalala? Una nguvu? Unakula? Unajiona umeshindwa? Akili inatulia ukisoma? Mwili umekuwa mzito, au hautulii? Na la mwisho, ambalo ulikuwa unaniuliza ukinitazama usoni, umewahi kufikiri kwamba ingekuwa heri usiwepo? Kila moja nipe alama, sifuri mpaka tatu, kama tunavyofanya. Usinidanganye, maana mimi nilikudanganya mara mbili na mara zote ulijua.

Barua ya kuacha kazi usiitume. Nilipokuwa mgonjwa nilitaka kuuza duka, ukaniambia, "Mama, uamuzi mkubwa tusiufanye ukiwa hivi. Tupone kwanza, halafu ukitaka kuuza nitakusaidia kutafuta mnunuzi." Na mimi nakwambia hivyohivyo. Pona kwanza. Baada ya hapo ukitaka kuondoka Rungwa nitakuja mwenyewe kukubebea godoro.

Hili si ombi la harusi. Hata usipokuja kwenye nikah sitakasirika. Ila nijibu.

Mama yako,
Mwantum


Rungwa
12 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku nne. Nimewauliza watu wengi maswali haya, na sikujua kwamba ni marefu namna hii ukikaa upande wa pili wa meza.

Raha, mbili. Moyo, mbili. Usingizi, tatu. Nguvu, mbili. Kula, mbili. Kujiona nimeshindwa, tatu. Akili kutulia, moja. Mwili, moja. La mwisho, sifuri, na hilo nimelijibu taratibu na kwa kweli. Jumla ni kumi na sita. Angekuwa mgonjwa wangu ningemwambia, ndugu, hili si la kungoja lipite.

Nilimwita Witness nikamsomea namba. Akasema, "Afadhali," akaanza kulia, kisha akanipikia mayai manne. Nimekula mawili. Nimepewa likizo. Nitakwenda Kiomboi kwa mama yangu, nitibiwe hospitali ya pale. Njiani nitapita Singida tarehe 27. Nitakusalimia tu niendelee na safari.

Nakushukuru kwa kuniuliza.

Mwanao,
Melkizedeki


Kiomboi
8 Julai 2024

Mama Hanifa, shikamoo, na shikamoo kwa Baba Abdulmajidi.

Nilisema nitasalimia tu, nikakaa kwenu siku tatu. Sijui ni nani aliyeficha begi langu, ila kaka yako alikuwa anacheka peke yake. Nililala kwake saa tisa mfululizo. Nilipoamka nilifikiri nimekosa basi, kumbe nilikuwa nimekosa uji.

Nimemsimulia mama yangu, Elina, mambo yote. Jinsi bwana harusi alivyoulizwa kama amekubali akajibu kabla shehe hajamaliza swali, akaambiwa asubiri zamu yake. Jinsi kina mama wa kikundi walivyopiga vigelegele, na Mama Belinda akacheza mpaka kiatu kikaruka kwenye sinia la pilau. Mama yangu alicheka, kisha akauliza, "Na huyo mama wa Utemini ana nini, hata umsikilize yeye, mimi niliyekuzaa nikikuuliza unasema uko sawa?" Nikamwambia nilikuwa naogopa kumtia wasiwasi. Akasema wasiwasi ni kazi yake, nisimnyang'anye.

Daktari wa hapa ni mtu mzima, mtaratibu. Amenianzishia vidonge, na kila Jumatano tunazungumza. Jana nilimweleza ile nusu saa kwa mara ya kwanza kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hakunikatiza. Usingizi unarudi kidogo kidogo, na nakula, ingawa si kama ile pilau.

Melkizedeki


Utemini
22 Julai 2024

Mwanangu,

Ndoa ni nzuri. Mume wangu anakoroma kwa lafudhi ya Pangani. Alhamisi sasa tuna wanaume wawili kwenye benchi, yeye na rafiki yake fundi Joseph, na wanaongea kuliko sisi.

Witness ameniandikia unarudi kazini mwisho wa mwezi. Nina neno moja tu. Wale wazazi wa Filipo usiendelee kuwapitia nyuma. Sijui watakuambia nini. Huenda wana hasira, huenda hawana. Lakini wewe unayabeba maneno ambayo hawajasema. Ukiwa na nguvu, nenda. Kama huna bado, ngoja mpaka uwe nazo.

Mwantum


Rungwa
11 Agosti 2024

Mama yangu, shikamoo.

Nilikwenda jana. Nilitembea polepole, nikasimama kwenye ua wa Mzee Stefano, baba yake Filipo. Alikuwa anachonga mfuniko wa mzinga. Akauweka chini.

"Daktari," akasema, "tulikungoja kwenye matanga. Hukuja."

Nikamwambia nilidhani hawataki kuniona.

"Kwa nini tusitake? Wewe ndiye uliyeshuka kwenye tope ukasukuma trekta kwa bega. Mwanangu alikufa ameshikwa mkono. Mama yake alitaka kukushukuru, lakini kila akikuona unakata kona. Tukasema basi, daktari wa mjini anatuona washamba."

Mama, nililia pale mbele ya watu na kuku wao. Mkewe akaleta kigoda. Wakanisimulia Filipo alivyokuwa, mchekeshaji, mwimbaji mbaya kanisani, aliyeogopa vyura lakini nyuki hapana. Nilikuwa namjua kwa dakika zake za mwisho tu. Sasa namjua kidogo zaidi, na ile nusu saa imepungua uzito. Haijaisha, lakini imepungua.

Leo asubuhi Mzee Stefano akanipitia twende kurina. Mizinga ile ni ya Filipo, na alisema haifai kuachwa mpaka nyuki waihame. Alinivalisha koti lake na wavu wa kichwani wenye tundu, na tundu hilo hakulitaja. Asali ni nyingi, mama, nyeusi nzuri, imejaa mpaka mlangoni. Nyuki mmoja aliliona tundu, akaingia, akanichoma mdomo wa juu. Mzee Stefano alicheka mpaka akakaa chini na mwenge wake wa kufukizia nyuki. Mkewe aliponiona nilivyovimba alicheka pia, na mzee akaniambia pembeni kwamba hajamsikia akicheka tangu Machi.

Nimerudi zahanati na ndoo. Witness amekataa kuamini kwamba mimi ni mimi mpaka nionyeshe kitambulisho. Barua ile ya droo nimeiacha ilipo. Mwezi wa kumi na mbili nitaisoma tena nikiwa mzima, nione kama ina maana yoyote.

Nilitaka kukuandikia mengi zaidi, lakini kwa mke wa Mzee Stefano wamepika ugali na mlenda, na mtu ametumwa kuniita kwa mara ya pili. Nina njaa sana. Naacha hapa.

Mwanao,
Melkizedeki